Jua kali huharibu picha ya ua, kitambaa cheupe huiokoa

Na MWANDISHI WETU

KIZURI chajiuza, wahenga walinena. Lakini siku hizi ambapo mkulima wa maua aliyeko Limuru hutuma picha kwa simu kwa mteja aliyeko Mombasa, kizuri hakijiuzi chenyewe. Kinauzwa na picha. Picha ikiwa mbaya, hata waridi lililotunzwa kwa miezi kadhaa huonekana kama karatasi iliyokunjwakunjwa.

Msomaji, huenda nawe umewahi kuliona jambo hili. Ua limechanua vizuri mbele ya nyumba, saa sita mchana, nawe unatoka na kamera au simu kulipiga picha. Kwa macho yako ua ni jekundu, laini, petali zake zimepangana kama kurasa za kitabu. Kwenye picha unakuta doa jekundu lisilo na mikunjo. Upande mmoja umeng'aa hadi ukawa mweupe, na upande wa pili ni giza tupu.

Wengi hulaumu kamera. Wengine huanza kuweka akiba wanunue nyingine ya bei ghali. Hata hivyo, aghalabu kosa si la kamera bali ni la mwanga. Dawa yake nayo i karibu na mkono: kipande cha kitambaa cheupe chepesi cha kulainisha jua, na kipande cha kadibodi cha kulirudisha pale lisipofika. Wapiga picha wa studio huviita difyuza na riflekta. Sisi katika makala haya tutaviita pazia na kiakisi.

KWA NINI JUA LETU HUSUMBUA

Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Katika miezi ya Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na vivuli huanguka miguuni. Ua linapopigwa na jua la namna hiyo, petali za juu huungua kwa mwanga ilhali zile za chini na kitovu cha ua hubaki gizani.

Isitoshe, kwetu jua halina subira. Likishachomoza, hupanda takriban digrii 15 kila saa. Jijini Nairobi, ikifika saa tatu asubuhi tayari jua limeinuka juu sana na ule mwanga mpole wa alfajiri umekwisha. Mpiga picha wa Ulaya ana jioni ndefu za kiangazi ambapo jua huteremka polepole. Sisi tuna muda mfupi asubuhi na muda mfupi jioni, basi. Anayetegemea saa hizo pekee atapiga picha chache, na mwenye kazi mchana hatazipata kabisa.

Ukali huu unatokana na nini? Jua ni kubwa mno, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Kutoka hapa tulipo, upana wake angani ni nusu digrii tu. Chanzo cha mwanga kinachoonekana kidogo hutoa kivuli chenye ukingo mkali kama wembe. Chanzo kinachoonekana kikubwa hutoa mwanga unaolizunguka ua kutoka pande nyingi, na ukingo wa kivuli hulainika.

Jicho la binadamu hustahimili tofauti kubwa kati ya mahali penye mwanga na mahali penye giza. Kamera haiwezi kustahimili kiasi hicho. Ikijaribu kuonyesha petali zilizo juani, huacha kivuli kiwe cheusi. Ikijaribu kuonyesha kilicho kivulini, petali za juani hufutika zikawa nyeupe.

Kuna jaribio rahisi. Nyoosha mkono juu ya karatasi nyeupe ukiwa nje. Ikiwa kivuli cha vidole vyako kina mipaka mikali, mwanga huo ni mgumu kwa ua. Ikiwa kivuli ni hafifu na huwezi kusema kinaishia wapi hasa, hapo mwanga ni laini.

Ndiyo maana mwezi wa Julai, wakati wakazi wa Nairobi wanalalamikia baridi na mawingu, ni wakati mzuri sana wa kupiga picha za maua. Wingu ni pazia kubwa lililotandazwa na Mungu mwenyewe. Hali kama hiyo iko pia ndani ya vivungulio vya Naivasha, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua. Plastiki yake hutawanya nuru ili majani yote yapate mwanga, na waridi lililo humo ndani huonekana nyororo kuliko lile lililo nje juani.

Basi, kazi yetu ni kujitengenezea kiwingu kidogo cha nyumbani.

PAZIA LA NYUMBANI

Chukua kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha nuru. Shashi hufaa, bafta nyembamba hufaa, na kipande cha lile pazia jembamba la dirishani hufaa vilevile ikiwa hakina maua wala mistari. Karatasi ya kunakilia ramani, ile ambayo wanafunzi huitumia katika somo la jiografia, hufanya kazi nzuri kwa ua dogo.

Angalia kitambaa kiwe cheupe kweli. Kitambaa cha marekani ambacho hakijachujuliwa kina unjano, na unjano huo utahamia kwenye ua. Shuka iliyofuliwa kwa buluu nyingi nayo italeta usamawati.

Kunja waya mnene uwe duara lenye upana wa sentimita 60 hivi, kisha ushone kitambaa kuuzunguka kama ngozi ya ngoma, kikiwa kimenyooka. Asiye na waya anaweza kutumia fremu ya mbao ya picha iliyovunjika kioo.

Sasa lishike pazia hilo kati ya jua na ua. Hapa ndipo wengi hukosea: hulishika mbali. Linapopigwa na jua, kitambaa chenyewe ndicho kinachogeuka kuwa chanzo kipya cha mwanga, kwa hivyo ukubwa wake kwa kipimo cha ua ndio unaoamua ulaini. Pazia la sentimita 60 likiwa sentimita 30 kutoka kwa ua hutanda digrii 90 za anga ya ua hilo. Pazia lilo hilo ukilipeleka umbali wa mita tatu, hutanda digrii 11 tu, na ukali wa vivuli huanza kurudi. Kanuni ni hii: lilete karibu uwezavyo mradi lisiingie kwenye picha.

Kitambaa chepesi huweza kupunguza mwanga kwa nusu au zaidi. Kamera italazimika kufungua lenzi kwa muda mrefu kidogo, na upepo ukivuma wakati huo ua litatikisika na picha itakuwa na ukungu. Chomeka kijiti ardhini kando ya shina, kisha ushikanishe shina na kijiti kwa kibanio cha nguo, mahali ambapo kamera haioni. Mwenye kamera inayoruhusu kuchagua kasi asishuke chini ya sehemu moja ya 250 ya sekunde siku yenye upepo.

Kuna mtego mwingine. Ukilifunika ua kwa pazia huku nyasi zilizo nyuma yake zikiendelea kupigwa na jua, nyuma kutakuwa na mwanga mwingi kuliko mbele na ua litaonekana limefifia. Sogea upande mwingine hadi upate kivuli cha ua wa miti au ukuta nyuma ya ua lako, au mwambie mtu asimame ili kivuli chake kiangukie nyasi hizo. Hii ni kazi wanayoipenda watoto wakati wa likizo: mmoja ashike pazia, mwingine atengeneze kivuli, mzazi apige picha.

KIAKISI: KURUDISHA NURU ILIYOPOTEA

Pazia hulainisha mwanga, lakini bado mwanga hutoka juu. Chini ya petali na ndani ya koo la ua huweza kubaki giza. Hapo ndipo kiakisi kinapohitajika.

Kila aliyepitia shule ya msingi anakumbuka mchezo wa kipande cha kioo: unakinga jua na kulirusha ukutani, au usoni mwa mwenzako mwalimu akiwa hatazami. Kiakisi ni mchezo huo huo, ila kinarusha nuru ya upole badala ya mshale wa kioo. Mwanga huruka kama mpira unaopigwa ukutani: ukija kwa mshazari, huondoka kwa mshazari ule ule upande wa pili. Ukielewa hilo utajua mahali pa kukiweka bila kubahatisha.

Kiakisi cha kwanza ni karatasi nyeupe ya manila, au ndani ya katoni iliyobandikwa karatasi nyeupe. Hurudisha nuru kidogo na laini, na hakibadilishi rangi. Anayeanza aanze na hiki.

Cha pili ni cha fedha. Chukua ile karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, ikunjekunje mkononi, kisha uinyooshe na kuibandika kwenye kadibodi. Mikunjo hiyo ina kazi: hutawanya nuru isije ikaangukia ua kama tochi. Kiakisi cha fedha kina nguvu na hufaa kivulini au siku ya mawingu mazito. Juani kisikae karibu na ua kwa muda mrefu, kwani hurudisha joto pia, na petali nyororo hunyauka upesi. Usikielekeze machoni mwa mtu.

Cha tatu ni cha rangi ya dhahabu, ambacho huuzwa madukani. Hiki hupendeza usoni mwa bibi harusi, lakini kwa ua ni hatari. Hulipaka ua jeupe unjano lisilokuwa nao. Mwuza maua asikitumie hata kidogo.

Kiakisi huwekwa upande ulio mkabala na jua, chini kidogo ya ua. Kisogeze polepole huku ukitazama ua lenyewe wala si kiakisi. Utaona giza la chini likifunguka. Ukiona mishipa ya petali na chavua iliyoko katikati, simama hapo.

Lakini usikiondoe kivuli chote! Kivuli ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba petali hii iko mbele na ile iko nyuma. Ua lisilo na kivuli kabisa huonekana bapa kama lililochapishwa kwenye kanga. Nia ni kukipunguzia kivuli ukali, kibaki kikifanya kazi yake.

Na mara nyingine picha huhitaji kivuli zaidi. Ua jeupe kama yungiyungi likipata nuru kutoka kila upande, mipaka ya petali zake hupotea. Weka kadibodi nyeusi upande mmoja. Weusi hunyonya nuru, na umbo la ua huchomoza.

RANGI NA TABIA ZAKE

Hata mwanga ukiwa laini, kila rangi ina vituko vyake mbele ya kamera.

Ua jeupe huichanganya kamera kwa sababu kamera hudhani kila kitu duniani kina wastani wa kijivu. Likiijaza picha nzima, kamera hupunguza nuru na ua huwa la kijivu, hivyo ongeza mwanga. Likiwa dogo katikati ya majani meusi, kamera huongeza nuru na ua huungua, hivyo punguza. Kwenye simu nyingi unagusa ua kwenye kioo, kisha unateleza kidole juu au chini hadi mishipa ya petali ionekane.

Ua jekundu hujaza sehemu ya kamera inayopokea wekundu kabla rangi nyingine hazijajaa. Ndiyo sababu waridi jekundu huwa doa lisilo na mikunjo. Punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, mikunjo itarudi.

Maua ya zambarau kama ya mijakaranda, ambayo hupamba barabara za Nairobi mwezi wa Oktoba, yana historia ndefu ya kuwasumbua wapiga picha. Enzi za filamu, baadhi ya maua ya samawati na zambarau yalitoka kwenye picha yakiwa na uwaridi kwa sababu filamu ilinasa sehemu ya mwanga mwekundu ambayo jicho halioni vizuri. Kamera za siku hizi mara nyingi huyavuta upande wa samawati. Kivulini tatizo huzidi, kwani nuru ya kivulini hutoka kwenye anga ya buluu. Weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya ua katika picha ya kwanza. Ikiwa karatasi haionekani nyeupe, basi na rangi ya ua hilo si ya kweli.

Na jihadhari na unachovaa. Mpiga picha mwenye shati jekundu akiinama juu ya ua jeupe, shati lake limegeuka kiakisi chekundu. Ndivyo ilivyo pia sokoni, ambako wauzaji wengi huketi chini ya miavuli ya rangi. Jua likipenya mwavuli mwekundu, kila ua lililo chini yake hupakwa wekundu.

HASARA HUTOKEA HAPO

Fikiria mteja ameagiza maua ya rangi ya maziwa kwa ajili ya harusi, kwa kuitazama picha. Siku ya harusi yanafika maua ya manjano. Mwuzaji hakusema uongo. Picha yake, iliyopigwa chini ya turubai la manjano, ndiyo iliyosema uongo kwa niaba yake. Mteja hatamwelewa, wala hatarudi, na ataambia wenzake. Pazia jeupe na manila nyeupe ni ulinzi wa jina la mfanyabiashara kama ilivyo mizani iliyopimwa.

Ukweli huo unahitajika hata mahali ambapo hakuna anayeuza wala kununua. Katika msitu wa Mbololo, kwenye milima ya Taita, huota mmea mdogo wa maua ya zambarau wa jamii ya Saintpaulia, ambayo wanasayansi waliihamishia katika jenasi ya Streptocarpus mwaka wa 2015. Ndugu zake hupamba madirisha ya nyumba nyingi huko Ulaya na Marekani. Aina hii ya Taita haioti porini mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye milima hiyo.

Ua la namna hii halichumwi kupelekwa nyumbani likatazamwe vizuri. Anayelichuma analipunguza, na lililobaki ni kidogo. Linalofaa kuchukuliwa ni picha, tena picha ambayo mtaalamu wa mimea anaweza kuitumia kutambua rangi, umbo la petali na vinyweleo vya jani.

Msituni mwanga una tatizo lake. Jua hupenya katikati ya matawi na kuanguka kwa madoadoa, doa moja kali hapa, giza pale. Kamera hushindwa kabisa. Hapo shika pazia juu ya mmea ili madoadoa yageuke kuwa nuru moja iliyotulia, kisha uweke kiakisi cha fedha chini ili kurudisha ile kidogo iliyopo. Angalia unapokanyaga. Usifyeke majani jirani ili upate nafasi, yafunge kando kwa kamba kisha uyafungue ukimaliza.

UKILITAKA JUA LENYEWE

Haya yote hayana maana kwamba jua lifukuzwe kila mara. Petali nyingi hupitisha nuru. Asubuhi mapema au saa kumi na moja jioni, simama ili ua liwe kati yako na jua. Petali zitawaka kama taa ya kandili na mishipa yake itaonekana yote. Upande unaokutazama utakuwa na giza, basi rudisha nuru kwa manila nyeupe kutoka mbele. Usilitazame jua moja kwa moja kupitia lenzi ya kamera, linaweza kuharibu jicho.

Na siku ya mvua, au kwa asiye na bustani, dirisha linatosha. Weka chombo cha maua kando ya dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja: la mashariki ikiwa ni alasiri, la magharibi ikiwa ni asubuhi. Teremsha pazia jembamba jeupe. Upande wa pili simamisha manila. Hiyo ni studio kamili, na hujatoka sebuleni.

JARIBU WEWE MWENYEWE

Jumapili hii chagua ua moja tu, hata liwe la bogonivilia iliyo langoni. Lipige picha tatu bila kuhama uliposimama. Ya kwanza, juani kama lilivyo. Ya pili, chini ya pazia. Ya tatu, chini ya pazia pamoja na kiakisi cheupe upande wa kivuli. Kisha zipange picha hizo kando kwa kando na umwite mtu wa nyumbani asiyejua ulichofanya. Mwulize ni ipi inayofanana na ua lililoko pale nje.

Akichagua ya tatu, hifadhi lile duara la waya nyuma ya mlango. Akichagua ya pili, kiakisi chako kilikuwa karibu mno. Kisogeze nyuma kidogo, urudie.